Kukomboa: Neno Lililopita Katika Njia Yetu





Katika kipindi cha Kwaresima neno "ukombozi" hupita midomoni mwetu mara nyingi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Twalitamka katika Njia ya Msalaba kila Ijumaa, twalisikia katika sala za Misa Takatifu, na usiku wa Pasaka litaimbwa mbele ya mshumaa. Lakini neno linalotamkwa mara nyingi hufikia mahali ambapo ulimi huendelea nalo ilhali akili imekwisha kulala. Kwa hiyo juma hili napenda tulichukue neno hili moja, tulichunguze asili yake na historia yake, hasa kwa kuwa sehemu ya historia hiyo ilipita hapahapa petu, katika njia itokayo pwani kwenda bara, kabla hata reli haijafika Gulwe.

Tuanze na matumizi yake ya kila siku. Mfanyabiashara aliyeagiza mzigo kutoka ng'ambo husema amekwenda bandarini "kugomboa" mzigo wake, nalo ni neno lilelile kwa sauti nyingine. Mtu aliyeweka baiskeli au shamba rehani husema anatafuta fedha za kukikomboa kitu chake. Kisima kikichimbwa kijijini, akina mama husema kimekuwa mkombozi wao. Vyama vilivyopigania uhuru wa nchi za kusini mwa Afrika viliitwa vyama vya ukombozi. Nasi kanisani twamwita Yesu Kristo Mkombozi wa ulimwengu. Mzigo wa forodhani, shamba la rehani, maji ya kisima, vita vya msituni na Msalaba wa Kalvari: mambo yote haya yamebebwa na neno moja.

Kwa umbo lake, neno hili linakaa vizuri katika safu ya vitenzi vyetu vinavyoishia na -ua au -oa, ambavyo vingi huwa na maana ya kufungua, kutoa au kurudisha nyuma jambo lililokwisha kutendeka. Kilichofungwa hufunguliwa, kilichofumbwa hufumbuliwa, mkuki uliochomwa huchomolewa, mtego uliotegwa huteguliwa, na ndege aliyenaswa hunasuliwa. Karibu nayo yako maneno kama kuokoa na kuopoa. Lakini "kukomboa" kuna jambo la ziada ambalo kuokoa hakuna. Mtu aweza kumwokoa mtoto aliyetumbukia mtoni bila kutoa hata senti moja, ila kukitoa kitu katika rehani hakuna budi kulipa. Kamusi za kwanza za Kiswahili zilizoandikwa na wamisionari, kama ile ya Johann Ludwig Krapf iliyochapwa London mwaka 1882, zilitungwa wakati ambapo jambo hilo lilieleweka kwa kila mtu wa pwani: waliokombolewa walikuwa ni watu, nao walikuwa na bei.

Si Kiswahili peke yake kilichoona hivyo. Katika Kilatini, lugha ambayo Kanisa lilisali nayo kwa karne nyingi, neno la ukombozi ni redemptio, kutokana na kitenzi redimere, yaani kununua tena, kukirudisha kwa kukinunua kitu kilichokuwa chako. Waingereza walilichukua neno hilo mara mbili. Mara ya kwanza lilipitia Kifaransa cha kale likasagika hata likawa ransom, fedha ya kumtolea mateka. Mara ya pili lilibaki karibu na umbo lake la Kilatini likawa redemption, neno la kanisani. Kwa hiyo fedha ya mateka na wokovu wa msalabani ni ndugu wa tumbo moja, ingawa Mwingereza wa leo huenda asitambue. Wanalo pia neno escape, la kutoroka, ambalo kwa asili ya Kilatini ni kutoka katika joho: anayekamatwa nguo huiacha mikononi mwa mkamataji, naye akakimbia. Na emancipation, neno la kumwacha mtu huru, lina ndani yake mkono unaoshika, kwa maana katika sheria ya Kirumi aliyekuwa chini ya mamlaka ya mwingine alihesabiwa kuwa yumo mkononi mwake. Kila neno limekumbuka jambo moja: joho, mkono au bei.

Tukirudi nyuma zaidi, katika Kiebrania cha Agano la Kale, twakuta jambo linalotuhusu sana sisi watu wa Afrika. Neno mojawapo la mkombozi ni go'el, na maana yake ya kwanza ni ndugu wa karibu. Kitabu cha Walawi, sura ya 25, kinaeleza kwamba mtu akifilisika hata akauza shamba la ukoo, ndugu yake wa karibu ana wajibu wa kulinunua tena; na akifikia hali ya kujiuza mwenyewe, basi kaka yake, au baba yake mdogo, au binamu yake atamkomboa. Ndivyo Boazi alivyofanya kwa nyumba ya Naomi katika Kitabu cha Rutu. Na Ayubu, alipokuwa juu ya majivu akimtumainia aliye hai atakayesimama upande wake, alitumia neno hilohilo. Katika Biblia, basi, mkombozi si mgeni mwenye fedha anayepita njiani. Ni ndugu ambaye aibu ya nduguye ni aibu yake.

Sasa tuje kwenye njia yetu. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilitoka Bagamoyo, ikapanda kupitia Usagara hadi Mpwapwa, ikapumzika hapo kabla ya kuvuka nyika kavu ya Marenga Makali na kuingia Ugogo, kisha ikaendelea hadi Tabora na Ujiji. Burton na Speke walipita katika nchi hizi mwaka 1857, Stanley mwaka 1871. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika Mpwapwa mwaka 1876. Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadre Weupe, ulipita ukielekea kwenye maziwa makuu, na mmoja wa wakuu wake, Padre Pascal, alifariki njiani akiwa bado mbali na mwisho wa safari.

Katika njia hiyo pembe za ndovu ziliteremka pwani na nguo na shanga zikapanda bara. Wanadamu pia waliteremka, wamefungwa minyororo au wametiwa magogo shingoni. Wengi waliotembea hivyo walitoka mbali sana, magharibi mwa Tabora na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wengine walitekwa vitani. Wengine walianza kama rehani: njaa ilipoingia, jamaa waliokosa chakula walimpeleka mtoto kwa mwenye nafaka, wakikusudia kumkomboa mvua ikirudi. Mvua ikichelewa, au jamaa wakifa, rehani iligeuka kuwa utumwa, na mtoto akauzwa kwa msafara uliopita.

Watawala wa Kigogo walitoza misafara ushuru wa kupita na wa kunywa maji, nao uliitwa hongo. Wakati ule hongo halikuwa neno la aibu. Lilikuwa ni haki ya mwenye nchi na mwenye kisima, tena kisima katika nchi ambayo maji ni uhai. Baadaye serikali za kikoloni zilipoondoa haki hiyo, neno lilibaki bila kazi yake ya zamani, likaanza kutumika kwa malipo ya siri anayopewa mtu ili afungue njia ambayo haikupasa kufungwa. Ndivyo maneno mawili ya malipo yalivyotembea katika njia moja na kuachana. Hongo lilianza kama neno la heshima likaishia katika rushwa. Kukomboa lilianza sokoni likaishia altareni.

Tazameni pia neno "mtumwa". Kwa asili ni mtu anayetumwa tu, kutokana na kitenzi tuma. Shina hilohilo limetupatia "mtume" na "mtumishi". Tofauti iko katika jambo moja: mtume ametumwa na anayempenda, mtumwa ametumwa na aliyemnunua. Mtakatifu Paulo, anapoanza Waraka kwa Wafilipi, anajiita mtumwa wa Kristo, akijua vema kwamba wasomaji wake walikuwa wakiwaona watumwa sokoni kila siku. Na neno "huru", lililotujia kutoka Kiarabu, lilikuwa kinyume cha mtumwa kabla ya kuwa neno la siasa. Uhuru tulioupata tarehe 9 Desemba 1961 ulipewa jina na watu ambao babu zao walijua tofauti kati ya mtu huru na asiye huru katika mwili wao.

Kanisa Katoliki liliingia katika historia hii kwa mlango wa soko. Mapadre wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walifika Zanzibar mwaka 1863 na kuanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Waliwanunua watumwa, hasa watoto, wakawaleta misheni, wakawafundisha dini, kusoma, kilimo na ufundi. Walipokua wakaoana na kupewa makazi katika kijiji cha Wakristo. Waliitwa waliokombolewa, na kwa maana ya kamusi ni kweli: bei ililipwa, mnyororo ukafunguliwa. Kutoka kwao lilizaliwa Kanisa la bara. Misheni ya Mhonda, katika milima ya Nguru, ilipoanzishwa mwaka 1877, familia kutoka Bagamoyo zilikwenda pamoja na mapadre. Sisi tunaobatizwa leo ni wajukuu wa imani ya watu ambao waliwahi kuwa na bei.

Lakini imani haituzuii kuuliza maswali magumu, na wakati uleule yaliulizwa. Swali la kwanza: anayemnunua mtumwa ili amwachie huru, je, hampi mwuzaji fedha za kwenda kuteka wengine? Kwa sababu hiyo wamisionari wengine walipendelea kuwapokea wale walioteremshwa na manowari za Kiingereza kutoka katika majahazi ya watumwa. Swali la pili ni zito zaidi: aliyenunuliwa na misheni, je, alikuwa mali ya nani? Watoto wale hawakuchagua kwenda Bagamoyo. Kengele iliwaamsha, kengele ikawapeleka shambani, kengele ikawalaza. Wengi waliipenda misheni kama nyumbani, kwa kuwa hawakuwa na nyumbani pengine. Wengine walitoroka. Aliyetoroka pengine alikuwa anajaribu tu kujua kama kweli amekombolewa, maana aliye huru huweza kuondoka.

Kanisa lilikuwa na mapokeo marefu kuhusu jambo hili. Mwaka 1198 Papa Inosenti III alithibitisha Shirika la Utatu Mtakatifu, lililoanzishwa na Mtakatifu Yohane wa Matha kwa ajili ya kuwakomboa mateka. Mwaka 1218 Mtakatifu Petro Nolasko alianzisha huko Barcelona Shirika la Bikira Maria wa Huruma, ambalo watawa wake waliongeza nadhiri ya nne: kama fedha hazitoshi, na kama imani ya mateka imo hatarini, mtawa atakaa yeye mwenyewe kifungoni mahali pake. Hapo mkombozi haachi fedha tu mezani. Anaingia mahali pa mateka, naye mateka anatoka.

Kutoka historia yetu tunaye shahidi mwingine, Adrian Atiman. Alizaliwa karibu mwaka 1866 katika nchi tunayoiita leo Mali, akaibwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria. Kardinali Lavigerie alimpeleka Malta kusomea udaktari. Alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akawa daktari na katekista hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Kwa zaidi ya miaka 60 mtoto aliyenunuliwa aliwatibu watu ambao nao biashara ileile ilikuwa imewaumiza. Alikuwa mtumwa katika maana ya kikatili ya neno, akawa mtume katika maana yake njema.

Serikali nazo zilikuwa na jinsi zao za kukomboa, na hesabu zake zatufundisha. Mkataba wa mwezi Juni 1873 kati ya Sultani Barghash na Uingereza ulilifunga soko la Zanzibar. Tarehe 6 Aprili 1897 amri ya Sultani Hamoud ilifuta hali ya kisheria ya utumwa visiwani, lakini mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kuomba uhuru, na masuria waliachwa nje hadi mwaka 1909. Fidia ilitolewa, ndiyo, ila walipewa mabwana kwa hasara ya kupoteza watumwa wao. Aliyefanya kazi bila ujira maisha yake yote hakupewa kitu. Huku bara, Wajerumani hawakuufuta utumwa. Walitoa hati za uhuru kwa makumi ya maelfu, wakamruhusu mtumwa kujikomboa kwa fedha aliyoichuma mwenyewe, na wakatangaza kwamba watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Utumwa wa kisheria ulifutwa Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Reli ilikuwa imekwisha kufika Dodoma tangu mwaka 1910. Garimoshi lilipita Gulwe likipiga honi, wakati ndani ya mabehewa yake wangaliweza kuwemo watu ambao kwa sheria walikuwa bado ni mali ya wengine.

Historia hii inatusaidia kuelewa mjadala wa kale wa Mababa wa Kanisa. Injili ya Marko 10:45 inasema kwamba Mwana wa Mtu alikuja kutoa nafsi yake iwe fidia. Mababa waliuliza: fidia hiyo alilipwa nani? Wengine, akiwemo Mtakatifu Gregori wa Nisa, walifikiri ilitolewa kwa shetani, kwa kuwa ndiye aliyetushika. Rafiki yake, Mtakatifu Gregori wa Nazianzi, alikataa kabisa. Kwake ilikuwa ni aibu kufikiri kwamba mnyang'anyi apewe malipo, tena malipo makubwa kiasi hicho, kwa ajili ya kile alichokiiba. Karne nyingi baadaye Mtakatifu Anselmi, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1098, alilijibu swali kwa njia ya haki na heshima ya Mungu.

Aliyesimama katika soko la Mkunazini angemwelewa Gregori wa Nazianzi mara moja. Na Biblia inakubaliana naye. Kitabu cha Kutoka chatumia neno la go'el kwa kazi ya Mungu kule Misri, lakini katika kitabu chote hatusomi kwamba Farao alilipwa hata senti. Isaya 52:3 inatamka wazi kwamba waliouzwa bure watakombolewa bila fedha. Bei ilikuwepo, na ilikuwa kubwa, ila haikuingia mfukoni mwa mwuzaji. Ilikuwa ni gharama ya ndugu aliyeshuka mwenyewe hadi tulipofungwa. Mungu alifanyika go'el wetu kwa kufanyika kwanza ndugu yetu, na ndiyo maana Krismasi inatangulia Pasaka.

Na swali la watoto wa Bagamoyo, la kwamba aliyenunuliwa ni wa nani, Mtakatifu Paulo analijibu kwa namna ambayo watu wa nyakati zake waliielewa. Huko Delphi, Ugiriki, zimepatikana kuta zenye maandishi zaidi ya 1,000 yanayoeleza jinsi watumwa walivyoachwa huru kwa kuuzwa, kisheria, kwa mungu Apollo. Akiisha kuwa wa mungu, hakuna mwanadamu aliyeweza kumdai tena. Wengine, hata hivyo, waliandikiwa sharti la kuendelea kumtumikia bwana wao wa zamani hadi afe. Paulo anawaambia Wakorinto, katika 1 Kor 7:23, kwamba wamenunuliwa kwa bei, hivyo wasiwe watumwa wa wanadamu. Aliyenunuliwa na Mungu hana bwana mwingine, wala katika hati yake hakuna sharti la kubaki kwa bwana wa zamani. Anaweza kuondoka. Na akikaa, anakaa kama mwana.

Neno letu halikuishia hapo. Jirani zetu wa Kongwa wanajua sura yake nyingine. Huko Waingereza walianzisha mwaka 1947 mradi wa karanga, wakajenga na reli ya tawi kutoka Msagali, na mwaka 1951 mradi ukafa. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunda Kamati ya Ukombozi, makao yake yakiwa Dar es Salaam, na tangu mwaka 1964 majengo yaliyoachwa Kongwa yakawa kambi ya wapiganaji: FRELIMO wa Msumbiji, kisha ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia, MPLA wa Angola na ZAPU wa Zimbabwe. Kamati hiyo ilifungwa mwaka 1994, Afrika Kusini ilipokuwa imepata serikali ya wengi. Katika miaka hiyo 30 Watanzania tulizoea kulisikia neno ukombozi redioni pengine kuliko kanisani. Nalo lilibadilika. Mtumwa wa zamani alikombolewa na mwingine. Mpigania uhuru alijikomboa.

Wazungu wana maneno mawili hapa: moja la Msalaba, jingine la siasa. Kiswahili kina moja. Padre Gustavo Gutiérrez wa Peru alipochapisha kitabu chake maarufu mwaka 1971, huko kwao mjadala mkubwa ulikuwa ni jinsi maneno hayo mawili yanavyohusiana. Vatikani ilitoa maelekezo mawili, mwaka 1984 na mwaka 1986, ikionya dhidi ya kuufanya wokovu uwe siasa tupu, na papo hapo ikithibitisha kwamba Injili haiwezi kunyamaza mbele ya dhuluma. Sisi tukitafsiri mjadala huo twajikuta tunatumia neno lilelile pande zote mbili: teolojia ya ukombozi na fumbo la ukombozi. Umoja huo una hatari yake, kwa maana mtu aweza kusahau dhambi akakumbuka siasa tu. Lakini una hekima pia. Unatuzuia kumhubiria habari ya Mkombozi mtu aliyefungwa, kisha tukampita.

Na waliofungwa wapo, wapendwa. Utumwa wa kisheria ulikwisha mwaka 1922, lakini rehani haijaisha. Mkulima anayekosa chakula mwezi Januari hukopa gunia moja la mahindi ili alipe mawili wakati wa mavuno, au huiuza alizeti yake ikiwa bado ua shambani, kwa bei anayoitaja mnunuzi. Mto Kinyasungwe ukifurika na kulichukua shamba, deni halichukuliwi na maji. Wako akina mama waliochukua ile mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la "kausha damu", wakaishia kuchukuliwa vitanda na sufuria. Na wako mabinti wanaokabidhiwa kwa mtu asiyejulikana vizuri, apandaye nao basi kwenda mjini kutafuta kazi za ndani, wengine wakiwa hawajafikisha hata miaka 14 ambayo sheria ya ajira ya mwaka 2004 inaitaja kuwa ya chini kabisa. Mshahara hupelekwa kwa mwingine, simu hunyang'anywa, na nauli ya kurudi huwa ndiyo mnyororo. Sheria ya kupambana na biashara ya kusafirisha binadamu tunayo tangu mwaka 2008. Aliyetumwa na asiyempenda, bila hiari na bila ujira, wazee wetu wangalimwita kwa jina lake.

Kanisa limeiweka tarehe 8 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Yosefina Bakhita, kuwa siku ya sala dhidi ya biashara hiyo tangu mwaka 2015. Bakhita aliibwa akiwa mtoto huko Darfur, Sudani, akauzwa mara nyingi hata akasahau jina alilopewa na wazazi wake. Alitangazwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Alipokuwa Italia, mama mwenye nyumba alitaka kumrudisha Afrika; Bakhita alikataa, na mwaka 1889 mahakama ilitamka kwamba hakuwa mtumwa wa mtu. Aliyeweza kuondoka akachagua kukaa, akawa mtawa.

Tufanye nini basi? Napendekeza turudi kwenye maana ya kwanza kabisa, ya ndugu. Jumuiya ndogondogo ni ukoo wetu katika Kristo. Kabla mtu hajaenda kwa mkopeshaji, jumuiya yake iwe imejua njaa yake. Vikundi vya kuweka na kukopa vilivyomo parokiani vianze kumfikiria yule asiye na dhamana. Ghala dogo la nafaka la jumuiya, linalojazwa mwezi wa mavuno na kufunguliwa mwezi Januari kwa gunia moja kwa gunia moja, lingewakomboa wengi kuliko mahubiri yangu. Na binti akitaka kwenda mjini, wazazi waulize majina: anakwenda kwa nani, mtaa gani, mshahara kiasi gani, nani atampigia simu kila Jumapili. Asipopatikana, asiachwe. Go'el ni yule anayekwenda kumtafuta.

Nadhiri ya nne ya wale watawa wa Barcelona hatuwezi kuiweka sote. Lakini Kwaresima inatudai sadaka, na sadaka ya kumtoa ndugu katika rehani ni ya kale kuliko Kwaresima yenyewe. Tutakapopiga magoti mbele ya Msalaba siku ya Ijumaa Kuu na kumwita Mkombozi, tukumbuke kwamba neno hilo lilishuka pwani na kupanda bara kwa miguu ya watu waliofungwa, tena katika njia yetu hii. Wao walijua maana yake vizuri kuliko sisi.

Bwana Yesu, aliyekubali kuwa ndugu yetu ili awe Mkombozi wetu, awabariki ninyi nyote na familia zenu. Juma jema la Kwaresima.

Paroko wenu